Mwongozo Kamili wa Kutafiti Peptidi za Shaba: Kutoka Unga wa Buluu Hadi Ngozi ya Mtu

Fungua kichupa cha GHK-Cu, peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino) iliyoshika shaba, mbele ya mtu ambaye hajawahi kukiona, na jambo la kwanza atakalouliza ni rangi. Unga ni wa buluu, na ukiyeyushwa vizuri majini unatoa buluu inayoelekea zambarau. Rangi hiyo haikutiwa na mtengenezaji. Inatokana na ayoni ya shaba iliyoshikwa na peptidi. Ikibadilika, ujue shaba imehama au kuna kitu kingine kimeishika.

Kwa hiyo kila hatua ya mwongozo huu inarudi kwenye swali moja: shaba iko wapi sasa hivi? Iko na peptidi bado, au imechukuliwa na chumvi ya kwenye bafa (kimiminika cha kutuliza pH), albumini (protini) ya kwenye seramu ya damu, au vitamini C ya kwenye krimu? Nimesoma taarifa nyingi za utafiti wa peptidi hizi, na nyingi hazijibu swali hilo hata mara moja. Nimeandika kwa ajili ya mwanafunzi wa biokemia anayeanza jaribio lake la kwanza, mtengenezaji wa vipodozi anayetaka kujua kilichomo kwenye pipa lake, na yeyote anayepaswa kuamua kama taarifa fulani ni ya kuaminika.

Hatua ya 1: Ijue molekuli

GHK ni asidi amino 3 zilizoungana: glisini, histidini na lisini. Uzito wake wa molekuli ni karibu 340. Ikibeba ayoni moja ya shaba inafika karibu 402. Kwenye lebo za vipodozi utaikuta kwa jina la Copper Tripeptide-1.

Loren Pickart aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1973, baada ya kuitenga kutoka plasma ya damu ya binadamu. Alikuwa akichunguza kwa nini tishu ya ini kutoka kwa watu wazee, ikiwekwa kwenye damu ya vijana, huanza kutengeneza protini kama ini la kijana. Viwango vinavyonukuliwa tangu hapo ni karibu nanogramu 200 kwa mililita moja ya plasma katika umri wa miaka 20, vinavyoshuka hadi karibu 80 katika umri wa miaka 60. Takwimu hizo mbili ndizo zilizoifanya peptidi hii ihusishwe na uzee. Lakini makala hiyo ya 1973 ilisema jambo la pili ambalo watangazaji hulipita: peptidi ilirefusha uhai wa seli za kawaida za ini, na pia ilichochea ukuaji wa seli za ini zenye uvimbe. Tutalirudia mwishoni.

Mwaka 1988, François-Xavier Maquart na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba GHK-Cu huongeza utengenezaji wa kolajeni kwenye fibroblasti, yaani seli zinazosuka nyuzi za ngozi. Athari ilianza kuonekana kwenye viwango vya chini ajabu, kati ya pikomola 1 na 10 kwa lita, na ikafika kilele kwenye nanomola 1. Idadi ya seli haikubadilika, kwa hiyo ongezeko lile halikuletwa na kuzaliana. Walibainisha pia kwamba mfuatano wa GHK umo ndani ya mnyororo wa alfa 2 wa kolajeni ya aina ya 1. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo linalonivutia kuliko yote katika fani hii, kwamba tishu ikijeruhiwa na vimeng'enya vikaanza kukata kolajeni, kipande hiki huachiliwa na kuwa ishara ya ukarabati. Jeraha lenyewe ndilo linalopiga mbiu.

Shaba ina kazi zake yenyewe. Lisili oksidesi, kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni na elastini zikamatane, hakifanyi kazi bila shaba. Vivyo hivyo aina ya superoksaidi dismutesi inayobeba shaba na zinki, ambayo hupunguza makali ya oksijeni yenye madhara. Ndiyo maana huwezi kutafiti peptidi hii ukaisahau shaba, wala kutafiti shaba ukaisahau peptidi.

Kabla ya kwenda mbele fanya hesabu ndogo. Nanogramu 200 kwa mililita ni karibu nanomola 590 kwa lita. Kilele cha kolajeni kwenye seli kilikuwa nanomola 1. Maana yake kiwango kinachotajwa kwenye damu ya kijana ni mamia ya mara zaidi ya kile kilichozisisimua seli vyema kwenye sahani ya maabara. Sioni hapo sababu ya kuikataa takwimu yoyote kati ya hizo mbili. Ninaona onyo kwamba kipimo cha sahani hakihamishwi kwenye mwili hivi hivi, na kwamba kuongeza dozi si lazima kuongeze athari.

Hatua ya 2: Nunua, kisha kokotoa kabla ya kupima

Omba cheti cha uchambuzi wa fungu lile lile unalouziwa, usikubali cha bidhaa kwa ujumla. Angalia mambo matatu: usafi kwa kromatografia, uzito wa molekuli kwa spektrometa ya masi, na asilimia ya shaba. Hilo la tatu ndilo linalofichua mengi. GHK-Cu ya uwiano wa peptidi 1 kwa ayoni 1 ina shaba karibu asilimia 15.8 ya uzito. Kama peptidi 2 zimeshika ayoni 1, shaba hushuka hadi karibu asilimia 8.6. Aina zote mbili zinauzwa kwa jina lile lile, na ukizichanganya katika mahesabu, matokeo yako yatakosea karibu mara mbili huku wewe ukimlaumu mtu mwingine.

Uliza pia kuhusu chumvi iliyobaki. Peptidi nyingi husafishwa kwa asidi ya trifloroasetiki, na mabaki yake hubaki yameshikana na unga. Yana uzito, na yanaweza kuzisumbua seli. Aina iliyobadilishwa kuwa asetati ni salama zaidi kwa kazi ya seli.

Sasa mfano wa hesabu. Unataka mililita 10 za milimola 1. Hiyo ni mikromoli 10, na kwa uzito wa 402 unahitaji miligramu 4.02. Kama cheti kinasema peptidi halisi ni asilimia 80 ya unga, gawanya kwa 0.8, upime miligramu 5.03. Wanaosahau mgawanyo huu ni wengi mno. Unga huu pia hunyonya unyevu, kwa hiyo acha kichupa kilichotoka kwenye friji kifike joto la chumba kabla ya kukifungua, la sivyo utapima maji ya hewani pamoja na peptidi.

Hatua ya 3: Yeyusha, na utazame rangi

Hatua hii ifanye kwa mkono wako mwenyewe angalau mara moja, hata kama utanunua unga uliokwisha kuunganishwa na shaba.

Chukua GHK tupu, isiyo na shaba, uiyeyushe kwenye maji safi ya maabara yasiyo na ayoni hadi milimola 10. Myeyusho hauna rangi. Kwenye kichupa kingine yeyusha kloridi ya shaba kwa kiwango hicho hicho, nayo itakuwa buluu hafifu kama maji yaliyoguswa na wino. Rekebisha pH ya peptidi iwe karibu 7. Kisha anza kudondosha shaba kwenye peptidi, tone baada ya tone, huku ukikoroga. Kila tone linapogusa maji, buluu inakolea papo hapo, ikielekea zambarau. Shaba ile ile iliyokuwa hafifu kwenye kichupa chake imepata naitrojeni za histidini na za uti wa peptidi za kuishika, na mnyonyo wake wa mwanga umesogea hadi karibu nanomita 600. Angalia pH tena, maana kila shaba inayoshikwa inafukuza protoni na kuufanya myeyusho uwe na asidi zaidi. Irudishe kwenye 7 kwa sodiamu haidroksaidi kidogo kidogo.

Usigeuze utaratibu huu. Peptidi inasubiri na shaba ndiyo inayoingia. Ukimimina peptidi ndani ya shaba, kwa muda fulani shaba itakuwa nyingi kuliko wa kuishika, na kwenye pH ya kati shaba isiyoshikwa huganda kuwa haidroksaidi. Utaiona kama wingu la kijani na buluu linaloelea. Kwa sababu hiyo hiyo ishia kwenye uwiano wa shaba 0.95 kwa peptidi 1. Afadhali peptidi chache zibaki bila shaba kuliko shaba kubaki bila peptidi, kwa kuwa shaba huru ni sumu kwa seli.

Kisha gawa myeyusho kidogo kwenye kichupa kingine uongeze matone ya EDTA. Zambarau inakufa mbele ya macho yako, inabaki buluu hafifu. EDTA hushika shaba kwa nguvu zaidi ya GHK, na imeipokonya. Mwanafunzi aliyeona hilo mara moja hatasahau kukagua bafa zake. Fanya vivyo hivyo kwa asidi: shusha pH chini ya 4 na rangi itafifia tena, kwa kuwa histidini inapopokea protoni inaiachia shaba.

Kwa kazi ya seli chuja myeyusho kwa chujio la mikromita 0.22. Usiupitishe kwenye mtungi wa mvuke. Ugawe kwenye vichupa vidogo, ugandishe kwenye nyuzi −20 au chini zaidi, na kichupa kilichoyeyushwa usikigandishe tena. Epuka DTT na merkaptoethanoli kabisa, kemikali za maabara zinazoishika na kuibadilisha shaba. Trisi nayo hushika shaba kwa kiasi chake, na fosfeti nyingi zinaweza kuigandisha ile isiyoshikwa. Bafa ya MOPS ina matatizo machache.

Hatua ya 4: Seli

Hapa ndipo majaribio mengi yanapofia, na kwa kawaida hufa kimyakimya. Seli zinaonekana nzima na grafu inapendeza, kumbe peptidi ilishapoteza shaba yake siku ya kwanza.

Nitaanza na kosa langu. Niliwahi kupoteza wiki tatu kwa sababu ya dawa ya kung'oa seli. Tripsini inayotumika kila siku huja pamoja na EDTA ya karibu milimola 0.5. Nilikuwa nikizing'oa fibroblasti, nazimua mara kumi kwa lishe (kimiminika cha kukuzia seli), na kuzipanda moja kwa moja bila kuzizungusha kwenye sentrifuji. Mikromola 50 za EDTA zilibaki kwenye sahani, na mimi nikaja kuongeza nanomola 1 ya GHK-Cu. Kila ayoni ya shaba niliyoileta ilikuta molekuli 50,000 zinazoisubiri kwa hamu. Hakuna kilichotokea, na nilikaribia kuandika kwamba peptidi haifanyi kazi. Zungusha seli, mwaga kimiminika, badilisha lishe, kisha ziache zishike sahani usiku mzima kabla ya kuongeza peptidi.

Tatizo la pili ni seramu. Lishe yenye seramu asilimia 10 ina makumi ya mikromola za albumini, na albumini ina mahali maalumu pa kushikia shaba, kwa nguvu inayokaribiana na ya GHK. Kwenye nanomola 1 ya peptidi, albumini inaizidi maelfu kwa maelfu. Punguza seramu hadi asilimia 0.5 au uiondoe kabisa kwa saa 24 kabla ya jaribio. Hata hivyo lishe yenyewe ina histidini na sistini ambazo pia hushika shaba, kwa hiyo usijidanganye kwamba umebaki na mfumo mtupu. Andika kilichomo, na msomaji ataamua.

Hilo linatuleta kwenye makundi linganishi, na hapa sitakubali pungufu ya matano: kimiminika kitupu, GHK peke yake, kloridi ya shaba peke yake kwa kiwango kile kile, GHK-Cu, na peptidi yenye asidi amino zile zile kwa mpangilio tofauti ikiwa na shaba. Bila kundi la shaba peke yake huwezi kusema kama kilichofanya kazi ni peptidi au ni madini. Kumbuka pia kwamba GHK tupu ikiingia kwenye lishe itajitafutia shaba iliyokuwemo tayari. Ukitaka kundi lisilo na shaba kwa kweli, pitisha lishe kwenye resini ya kunyonya metali, kisha urudishe kalisiamu na magnesiamu zilizonyonywa pamoja nayo.

Viwango vya kujaribu vianzie pikomola 1 hadi mikromola 1, kwa kuzimua mara kumi kumi. Badilisha ncha ya pipeti kila unapozimua, na tumia vichupa vya plastiki isiyonata, kwa sababu kwenye viwango hivi vya chini sehemu kubwa ya peptidi inaweza kuishia ukutani. Zimua siku ile ile ya jaribio.

Kisha kuna mtego wa vitamini C. Fibroblasti haziwezi kutengeneza kolajeni imara bila hiyo, kwa kuwa kimeng'enya kinachoweka haidroksili kwenye prolini kinaihitaji. Lakini asidi askobiki ya kawaida ikikutana na shaba kwenye lishe huoksidishwa upesi na kuzaa peroksaidi ya haidrojeni. Seli zikifa utasema ni peptidi. Tumia askobiki iliyofungwa na fosfeti, ambayo ni tulivu na huachiliwa polepole na seli zenyewe.

Kupima kolajeni kuna njia kadhaa. Haidroksiprolini ni njia ya zamani na ya kuaminika, kwa kuwa hufanya karibu asilimia 13 ya uzito wa kolajeni na ni haba kwenye protini nyingine nyingi. Kipimo cha kingamwili kwa kipande cha prokolajeni kinachokatwa wakati wa kutolewa nje ya seli ni chepesi zaidi. Unapolinganisha na protini yote ya seli, usitumie kipimo cha BCA bila kukihakiki. Kipimo hicho chenyewe hufanya kazi kwa shaba inayobadilika chaji, na hapa unapima sampuli yenye shaba na peptidi inayoishika. Njia ya Bradford haina kikwazo hicho. Au pima DNA.

Usiishie kwenye ujenzi peke yake. Kundi hilo hilo la Ufaransa lilionyesha baadaye kwamba GHK-Cu huongeza pia MMP-2, kimeng'enya kinachobomoa sehemu za tishu, pamoja na vizuizi vyake. Kwangu hilo ndilo linaloifanya peptidi hii istahili kuitwa ya ukarabati. Fundi anayekarabati nyumba hubomoa na kujenga, na kovu baya mara nyingi ni kolajeni nyingi iliyokosa mpangilio. Ukipima kolajeni pekee umeiona nusu ya kazi.

Jambo la mwisho kuhusu seli: visima 6 vya sahani moja si watu 6. Tumia fibroblasti kutoka kwa wachangiaji wasiopungua 3, zikiwa bado changa kwa idadi ya mapandikizo, na hesabu za takwimu zifanywe kwa wachangiaji. Kama unatafiti uzee, umri wa mchangiaji ndio swali lenyewe.

Hatua ya 5: Jeraha la mnyama

Nitapita haraka, kwa kuwa hatua hii inahitaji kibali cha kamati ya maadili na mtu aliyefunzwa. Mwaka 1993 kundi la Maquart liliweka vyumba vidogo vya waya chini ya ngozi ya panya wakubwa na kuchoma GHK-Cu ndani yake mara kwa mara. Kolajeni na tishu unganishi viliongezeka. Jambo la kukumbuka unaposoma majaribio ya vidonda vya wazi kwa panya ni kwamba ngozi yao ina tabaka la misuli chini yake ambalo huvuta kingo za jeraha zikutane. Kwa binadamu jeraha hujaza tishu mpya zaidi kuliko kuvutwa. Kwa hiyo tafuta tafiti zilizotumia pete ya kuzuia kingo zisivutwe, njia iliyoelezwa na Galiano na wenzake mwaka 2004. Bila pete hiyo, asilimia ya kufunga jeraha huchanganya mambo mawili yasiyofanana.

Hatua ya 6: Je, inavuka ngozi?

Tabaka la nje la ngozi ni jembamba, mikromita 10 hadi 20 sehemu nyingi za mwili, lakini limejaa mafuta yaliyopangwa kuzuia vitu kupita. Kanuni ya jumla ni kwamba molekuli zaidi ya dalton 500 hazipiti kirahisi. GHK-Cu ina 402, kwa hiyo wauzaji husema inapita. Ukubwa ni sharti moja tu. Molekuli hii inapenda maji na ina chaji, na vyote viwili humzuia mgeni kwenye ukuta wa mafuta.

Kipimo ninachokiamini ni cha Hostynek na wenzake, waliotumia ngozi ya binadamu iliyotengwa na myeyusho wa maji wenye asilimia 0.68 ya peptidi. Ndani ya saa 48 walipata karibu mikrogramu 136 za shaba zilizopenya kwa kila sentimita mraba, na karibu 97 zilizobaki ndani ya ngozi kama akiba. Hicho si kiasi kidogo. Lakini angalia kilichopimwa: shaba. Shaba iliyofika upande wa pili inaweza kuwa bado na GHK, au ilishahamia kwenye protini za ngozi wakati peptidi ikikatwa vipande na vimeng'enya.

Kwa hiyo ukifanya jaribio hili kwenye seli za Franz (vyumba viwili vya kioo vinavyotenganishwa na kipande cha ngozi), weka uso wa ngozi kwenye nyuzi 32 na upime vitu viwili kando kwa kando, shaba kwa spektrometa ya masi ya plasma ya gesi moto (ICP-MS), na peptidi nzima kwa kromatografia iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Pima pia ngozi ambayo haikupakwa kitu, kwa kuwa ngozi ina shaba yake ya asili. Kagua uzima wa ngozi kabla ya kuanza, kwani tundu dogo moja litakupa matokeo ya ajabu ambayo hayatajirudia.

Kwa mtengenezaji wa krimu au seramu ya uso, weka pH kati ya 5 na 6.5. Ondoa EDTA, ambayo hutiwa kwenye bidhaa nyingi kusaidia vihifadhi bila mtu kuifikiria. Usichanganye na vitamini C safi wala asidi za kuchubua katika chupa moja. Vitamini C safi huwekwa kwenye pH ya chini ya 3.5, na hapo tumeshaona rangi inavyofifia. Anayetumia bidhaa zote mbili apake moja asubuhi na nyingine usiku. Acha sampuli kwenye nyuzi 40 kwa miezi mitatu na uipige picha kila wiki kando ya karatasi nyeupe. Ikigeuka kijani, usiiuze.

Hatua ya 7: Watu

Ushahidi kwa binadamu upo, umechanganyika, na unapaswa kuwekwa mezani wote.

Kwa uso, mwaka 2002 Leyden na wenzake waliwasilisha kwenye mkutano wa madaktari wa ngozi wa Marekani majaribio ya wiki 12, moja la krimu ya uso kwa wanawake 71, jingine la krimu ya macho kwa wanawake 41. Waliripoti ngozi iliyokaza na mikunjo iliyopungua. Mwaka 2006 Miller na wenzake walichapisha jaribio la watu 13 waliokuwa wamechomwa ngozi ya uso kwa leza. Wekundu na mikunjo havikutofautiana kwa kiwango cha takwimu, lakini waliotumia peptidi waliridhika zaidi na ngozi yao.

Kwa vidonda, tofauti ni kubwa zaidi. Mwaka 1994 Mulder na wenzake waliripoti vidonda vya miguu ya wagonjwa wa kisukari vilivyotibiwa kwa jeli ya GHK-Cu, ambapo thamani ya katikati (mediani) ya eneo lililofunga ilikuwa asilimia 98.5, dhidi ya 60.8 kwa jeli tupu. Lakini mwaka 1992 Bishop na wenzake walikuwa wamejaribu krimu ya asilimia 0.4 kwa vidonda vya mishipa ya vena, katika jaribio la wagonjwa 86 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Vidonda vilipungua kwa asilimia 18.7 kwa peptidi, 22.5 kwa krimu tupu, na 44 kwa krimu ya fedha ya salfadiazini. Peptidi haikuizidi hata krimu tupu. Anayekutajia Mulder bila kumtaja Bishop anakuuzia kitu, na uangalie pia nani alilipia utafiti. Pickart mwenyewe alianzisha kampuni za bidhaa hizi, jambo lisilobatilisha kazi yake lakini ambalo msomaji ana haki ya kulijua.

Ukipanga jaribio lako la uso, kuna tatizo dogo linaloharibu kila kitu: bidhaa ni ya buluu. Mshiriki akipewa krimu nyeupe kulia na ya buluu kushoto, siri imekwisha siku ya kwanza, na jaribio la Miller limetuonyesha jinsi kuridhika kunavyoweza kwenda tofauti na vipimo. Tia rangi ya vipodozi kwenye krimu tupu hadi mtu asiyehusika ashindwe kuzitofautisha kwenye mwanga wa dirishani, na rangi hiyo isiwe na shaba. Mwishoni waulize washiriki wanadhani walipaka ipi wapi, na uchapishe majibu yao.

Nusu ya uso dhidi ya nusu nyingine ni mpango mzuri kwa sababu jua, usingizi na lishe ni vilevile pande zote. Lakini wanaoendesha gari hupigwa na jua upande mmoja, kwa hiyo upande wa kupaka uchaguliwe kwa bahati nasibu na wote wapewe krimu ile ile ya kukinga jua. Nenda wiki 12 angalau. Matokeo ya siku mbili au tatu ni unyevu, maana krimu yoyote ikijaza maji kwenye tabaka la nje mikunjo midogo hupotea kwa saa kadhaa. Ndiyo sababu siku ya kipimo mtu asipake kitu tangu jana yake usiku, na akae nusu saa kwenye chumba chenye joto lisilobadilika kabla ya picha na kifaa cha kupima mnyumbuko. Taa, umbali na kidevu viwe pale pale kila mara. Sajili mpango na kipimo kikuu kabla ya mshiriki wa kwanza, usije ukachagua baadaye kile kilichopendeza.

Hatua ya 8: Usalama

Kupakwa kwenye ngozi nzima, kwa viwango vya vipodozi, peptidi hii ina rekodi nzuri. Hata hivyo jaribu kwanza kwenye mkono wa ndani kwa saa 48. Mtu mwenye ugonjwa wa Wilson, ambao mwili hushindwa kutoa shaba, asiingizwe kwenye jaribio. Aliye na saratani au aliyewahi kuwa nayo nisingemwingiza bila daktari wake kukubali, na sababu ni ile sentensi ya 1973. Kuna kazi za baadaye zinazoelekea upande mwingine, kwa mfano za kulinganisha mabadiliko ya jeni kwenye kompyuta, lakini kompyuta si mgonjwa.

Sindano ni jambo jingine kabisa. Vichupa vilivyoandikwa kuwa ni vya utafiti tu havikutengenezwa kwa usafi wa dawa ya kuchoma. Vinaweza kubeba endotoksini, mabaki ya bakteria yasiyoonekana yanayoleta homa kali, na shaba iliyochomwa haina ukuta wa ngozi wa kuipunguza kasi. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiweka GHK-Cu ya sindano kwenye orodha ya vitu vyenye wasiwasi mkubwa wa kiusalama kwa dawa zinazochanganywa na wafamasia. Usijichome. Na ukiwa na maabara, usimpe mtu kichupa anayekuomba kwa ajili hiyo, hata awe rafiki.

Unapoandika taarifa yako, taja uwiano wa shaba kwa peptidi, aina ya chumvi, pH ya mwisho, bafa, asilimia ya seramu, na kama EDTA iliwahi kugusa sampuli. Mistari miwili inatosha, na mwenzako ataweza kurudia kazi yako. Kisha safisha meza. Mabaki ya buluu yasimwagwe kwenye sinki, kwa kuwa shaba kidogo tu majini huua mwani na samaki. Yakusanye kwenye chupa yake, andika kiasi cha shaba kilichomo, uikabidhi pamoja na taka za metali nzito.